Mkono Niliompa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu na mimi tuliishi miaka kumi na minne bila kutazamana usoni. Hatukuwa tumegombana. Ndivyo inavyotakiwa kwetu Wabukusu: mwanamume na mama wa mke wake hawapeani mikono, hawali pamoja, hawaketi chumba kimoja wakaelekeana, na wakikutana njiani mmoja anaingia shambani hadi mwenzake apite. Haya hiyo tunaiita chisoni, na si haya ya mtu aliyekosea. Ni heshima. Nilipomwona kwa mbali kwenye soko la kwao, Chwele, niligeuka ghafla nikaanza kukagua vitunguu kana kwamba sijawahi kuviona maishani. Yeye naye alivuta leso ikamfunika hadi kwenye nyusi, akapitia upande wa pili wa nyanya. Mara moja alikuja kwetu Kitale kumwona mjukuu wake akiwa mchanga, na kwa siku tatu nilikuwa naingia na kutoka kwangu kwa mlango wa jikoni.

Maneno yetu yaliletwa na mke wangu. "Mama anasema asante kwa sukari." "Mama anauliza kama kile kikohozi kiliisha." Mimi nilijibu, "Mwambie kiliisha," naye akampigia simu, wakaongea nusu saa kuhusu mambo mengine kabisa, na katikati nikasikia kicheko chake. Kicheko cha mke wangu kilianza vibaya. Kilianza kwa kukohoa mara mbili tatu, kama pikipiki inayokataa kuwaka asubuhi ya baridi, halafu ghafla kikawaka na hakuna aliyeweza kukizima. Nilizoea kukisikia kutoka chumba kingine. Sikuwahi kukifikiria kama kitu kinachoweza kuisha.

Simu za kupangusa zilipotufikia nyumbani, yeye alizipokea vizuri kuliko mimi. Alipenda zile emoji. Alizimwaga kwenye ujumbe kama mtu anayepanda mbegu za wimbi shambani kwa kutupa: nyuso zinazolia kwa kucheka, moto, nanasi, mwanamke anayecheza dansi kwa gauni jekundu, na yote hayo ni ya kuniambia tu kwamba unga umeisha. Mimi nafanya kazi agrovet hapa Kitale, duka la mbegu na dawa za mifugo. Siku nzima wakulima wananitumia picha za ng'ombe waliovimba na mahindi yaliyoliwa na viwavi, na mimi nawajibu kwa emoji mbili. Kidole gumba maana yake nimeona. Mikono miwili inayoshikana maana yake tumeelewana, njoo uchukue. Sikuona haja ya nyingine. Mke wangu naye nilimjibu kidole gumba, kwa unga, kwa nanasi, kwa mwanamke wa gauni jekundu, kwa kila kitu.

Alilazwa hospitalini Jumanne. Jumatano mchana aliniandikia nimletee ndala zake kwa sababu sakafu ilikuwa baridi, akaweka nyuso tatu zinazocheka, kwa nini sijui. Nikamjibu kidole gumba. Alifariki kabla sijafika na hizo ndala. Kwa hiyo neno langu la mwisho kwa mke wangu ni kidole gumba, na liko pale kwenye simu hadi leo.

Sikulia. Watu walingoja nilie, wakachoka. Wakati wa mazishi nilikuwa nikiangalia kamba za turubai na kufikiria kwamba zimefungwa vibaya. Nilikuwa kama mtu aliyedungwa sindano ya ganzi na daktari wa meno, halafu daktari akaenda kula chakula cha mchana akasahau kurudi. Nilisalimu watu, nilishukuru watu, nilikula nilipopewa. Mama mkwe alikaa na wanawake upande wa pili wa jeneza, leso imemfunika uso, na hata siku hiyo hatukutazamana.

Binti yetu, ambaye alikuwa gredi ya tatu, alienda Chwele na nyanya yake baada ya mazishi. Ilikuwa apumzike hadi shule zifunguliwe. Zikafunguliwa, nikaambiwa kuna shule nzuri karibu, nikasema sawa. Muhula ukaisha, ukaja mwingine. Sikusema sawa kwa ubaya wala kwa wema. Lilikuwa neno lililokuwa karibu na mdomo. Simu ya mke wangu ilienda pamoja na mtoto ili niweze kuongea naye, na sikuifikiria tena.

Kisha asubuhi moja, nikipanga magunia ya mbegu mlangoni, simu ililia. Ujumbe kutoka kwa Mama Toto. Hilo ndilo jina nililomhifadhi nalo mke wangu. Nilifungua. Juu kulikuwa na ndala, nyuso tatu zinazocheka, kidole gumba changu. Chini yake, baada ya miezi mitano, kifaranga mmoja wa manjano.

Ningependa kusema moyo wangu uliruka. Haukuruka. Nilikiangalia kifaranga kile, nikaweka simu mfukoni, nikamaliza magunia. Jioni nilimpigia binti yangu, naye akanieleza huku akitafuna kitu.

"Ni kukhu ametuma. Kukhu hajui kuandika haraka. Nimemfundisha picha. Kifaranga ni mimi. Ni kukuambia nimeamka."

Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu. Huyu kukhu aliishia darasa la pili, na herufi za simu kwake ni chawa wanaotembea. Lakini picha alizielewa. Tena alielewa jambo ambalo mimi nisingelifikiria hata ningepewa mwaka mzima: kwamba mila inakataza kutazamana na kupeana mikono, lakini haijasema lolote kuhusu kifaranga. Alipata upenyo, akaupitia bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kuanzia siku hiyo kifaranga alikuja kila asubuhi, kabla sijafungua duka. Nyuma yake zikafuata nyingine. Mvua, maana yake imenyesha kwao. Kitabu, maana yake mtoto amefanya mtihani. Bakuli linalofuka mvuke, ameshiba. Siku moja kipima joto, na nikakaa na wasiwasi hadi saa tisa, ilipokuja picha ya jua na ya kifaranga akitoka kwenye ganda: amepona. Nasema wasiwasi, lakini ulikuwa wasiwasi wa mbali, kama redio ya jirani. Nilijibu kila kitu kwa kidole gumba.

"Baba," binti yangu aliniambia kwa simu, "kukhu ameuliza kama uko na kidole moja tu."

Aliyenitikisa ni dada yangu mkubwa, ambaye ni fundi wa nguo mjini Bungoma. Dada yangu hana subira na watu waliokufa ganzi. Alinipigia Novemba, akiwa na pini mdomoni kama kawaida yake.

"Mtoto wako anamaliza mwaka kwa watu na wewe umekaa tu. Unataka akuje kukuita uncle? Ama humtaki? Sema tu kama humtaki."

Nilimwambia namtaka. Nilipokata simu nilijiuliza kama ni kweli, na sikupata jibu la haraka, na hilo liliniogopesha. Nililala, nikaamka, kifaranga akaja, nikagundua kwamba nilikuwa nimekaa macho nikimngoja. Basi. Mtu anayengoja kifaranga anamtaka mtoto wake. Niliamua kumrudisha nyumbani Januari, na kwamba nisipomrudisha Januari sitamrudisha tena, kwa sababu najijua.

Tatizo lilikuwa kuomba. Zamani ningemtuma mke wangu. Sasa ningeweza kumtuma dada, lakini dada angeongea sana. Kumwandikia mama mkwe barua ya simu maana yake binti yangu ndiye angeisoma, na sikutaka asome nyanya yake akinyang'anywa mtoto. Kwa hiyo nilifanya alivyofanya yeye. Nilisimama kwenye kaunta nikatafuta picha kwa nusu saa: msichana, begi la shule, nyumba, na mwisho alama ya kuuliza. Nikatuma. Nikaweka simu kifudifudi kwenye kaunta.

Jibu halikuja siku hiyo. Lilikuja kesho yake karibu saa sita, duka likiwa limejaa. Sanduku la safari. Jogoo.

Nilielewa mara moja. Sanduku, atampakia nguo. Jogoo, kwa sababu mtoto hatoki kwa nyanya yake mikono mitupu. Alikuwa amekubali, mama yule aliyezika binti yake mwaka huo huo, na alikuwa ameongeza jogoo juu. Nilijua kwamba hapo natakiwa kuhisi kitu kikubwa, kama unavyojua umekanyaga kitu lakini mguu umelala. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa akigonga kaunta akitaka dawa ya minyoo ya mbuzi. Kidole changu kilienda kilikozoea kwenda watu wanapokubaliana. Nikatuma mikono miwili inayoshikana, nikampa mzee dawa yake.

Asubuhi iliyofuata kifaranga hakuja.

Nikadhani hana bando. Siku ya pili nikanunua bando nikamtumia. Siku ya tatu hakuna kitu. Nilipiga simu jioni, binti yangu akashika, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kukhu amesema hii simu ipumzike. Baba, kwani ulimwambia nini? Alikuwa amenipakia nguo kwa sanduku. Akatoa zote. Akaosha zote tena na zilikuwa safi."

"Sikumwambia kitu."

"Hata hacheki," alisema. "Sasa si nitakuja January?"

Nikamwambia atakuja, kwa sauti ya mtu anayeuza mbegu zilizokaa stoo misimu mitatu.

Siku kumi na moja zilipita hivyo. Nilikuwa nafungua duka nikiangalia simu kabla ya kufuli. Siku ya kumi na mbili nilienda Bungoma kwa dada yangu, nikamkuta amepiga magoti akipima pindo la gauni la harusi lililoning'inizwa mlangoni. Nilimpa simu asome mwenyewe. Alivaa miwani. Alipita kifaranga baada ya kifaranga, akatabasamu kidogo, akafika mwisho, akasimamisha kidole.

"Sasa hii ni nini?"

"Ni mikono. Ya kusema tumeelewana."

"Huu mkono mmoja ni ya nani?"

"Yangu."

"Na huu mwingine?"

Dada yangu alitoa pini mdomoni moja moja akazichomeka kwenye mto wake wa pini.

"Ati wewe umemsalimia mama mkwe na mkono."

"Ni picha tu, bana."

"Na kifaranga si ilikuwa picha? Mbona hiyo uliamini?"

Nilijaribu kujitetea kwamba nilifanya haraka, kwamba duka lilikuwa limejaa, kwamba wakulima wote nawatumia hiyo hiyo. Nilipofika kwa wakulima nikaona nimejimaliza mwenyewe. Dada hakucheka. Nilitegemea acheke, kwa sababu yeye hucheka hata makanisani. Alikaa kwenye kiti cha wateja akanirudishia simu.

"Skiza. Wewe unajua nani anaweza kupeana mkono na huyo mama? Mtu yeyote. Dereva, mwalimu, mtu wa kununua ng'ombe. Mtu mmoja tu hawezi, na ni bwana ya msichana wake. Sasa msichana amekufa, wewe unamletea mkono. Umemwambia imeisha. Umemwambia hana mkwe, msichana wake hakuwa bibi ya mtu. Halafu hapo hapo unabeba mtoto unaenda."

Sikuwa nimeliona hivyo. Kwangu mke wangu alikuwa amekufa, na vyote vyake vilikuwa vimekufa naye, pamoja na ile kazi ya kujificha nyuma ya vitunguu. Sikujua kwamba kuna mtu mmoja duniani ambaye kwake binti yule bado alikuwa ameolewa. Alikuwa ameolewa kwa sababu mimi na mama yake tulikuwa hatupeani mikono. Ndicho kitu pekee kilichobaki cha ndoa yetu, na mimi nilikikata kwa kidole, huku nikiuza dawa ya minyoo.

Kitu cha kwanza nilichohisi baada ya miezi kumi kilikuwa aibu. Iliniwaka kuanzia shingoni. Nilikaa pale kwenye vitambaa vyeupe vya harusi ya watu nikiwaka.

"Nimtumie nini?" nilimuuliza.

"Usitume kitu tena! Enda. Beba blanketi ya kuomba msamaha. Na usimpe kwa mkono, wewe. Mpe mtoto, mtoto ampe."

Agrovet yetu hupeleka mbegu Chwele siku ya soko, na wiki hiyo niliomba nipande pickup mimi badala ya mwenzangu. Tulipomaliza kushusha, nilichukua blanketi nililomnunulia, la kahawia na kijani, nikatembea. Kwa mama mkwe si mbali na soko. Unapita ng'ombe waliofungwa, unashuka kwa mto mdogo, unapanda. Jua lilikuwa juu. Nilikuwa na mpango wa maneno ambayo ningemtuma binti yangu amwambie nyanya yake, na nilikuwa nayarudia. Nilichoogopa ni kimoja tu. Niliogopa kwamba nitafika, naye atakuja mbele yangu uso wazi, anyooshe mkono, aseme habari yako, kama anavyosalimia dereva.

Nilifika kwenye ua wa miti unaozunguka boma, nikaingia. Alikuwa katikati ya boma, ameinama, anaanika maharagwe kwenye gunia. Mbwa alibweka. Akainua kichwa.

Kwa muda ambao si mrefu, lakini mimi niliuhesabu, hakufanya kitu. Alisimama na maharagwe mkononi. Nami kwa kuchelewa kwangu kwa kawaida nikakumbuka, nikageuka haraka nikaupa ua uso, blanketi limebanwa kifuani, nikabaki nimekazia macho majani ya ua kana kwamba nimetumwa kuyahesabu. Nyuma yangu nilisikia maharagwe yakimwagika. Nikasikia miguu. Ilikuwa miguu ya mama mzima mwenye magoti mabaya, na ilikuwa inakimbia. Ilikimbia kutoka katikati ya boma hadi migombani, majani makavu yakavunjika, halafu kimya.

Alikuwa amejificha. Mama mkwe wangu alikuwa amenikimbia, na sijawahi kushukuru hivyo kwa kukimbiwa.

"Baba!" Binti yangu alitoka jikoni, amerefuka. Alinikumbatia kiunoni upande wa nyuma kwa sababu mbele kulikuwa na ua. "Kukhu ameingia kwa ndizi. Mbona unaangalia fensi?"

"Mpelekee kukhu hili blanketi. Mwambie baba amekosa. Mwambie baba bado ni mkwe."

Aliondoka mbio. Sauti kutoka migombani ilisema kwa nguvu, kwa mtoto lakini ili nisikie mimi, "Mwambie huyo mtu ya Kitale chai iko. Atakunywa huko huko chini ya paa ya ng'ombe. Asikuje huku."

"Kukhu amesema..."

"Nimesikia."

Nilikuwa bado nimeukabili ua, simu ilipolia mfukoni. Mama Toto. Chini ya ile mikono yangu miwili ya aibu, baada ya siku zote zile tupu, kulikuwa na tumbili aliyeziba macho kwa viganja vyote viwili. Kisha sanduku. Kisha jogoo.

Nilimtazama yule tumbili. Alikuwa sisi kabisa. Miaka kumi na minne ya vitunguu na nyanya na mlango wa jikoni, na mtu fulani asiyetujua hata kidogo alikuwa ametuchora. Nilipita kidole gumba bila kukigusa. Nikatafuta tumbili wangu, nikampata, nikamtuma akajifiche karibu na wake.

Nilisikia simu ya mke wangu ikilia migombani. Ikafuata kimya, mtu akitafuta miwani. Halafu mtu akakohoa. Akakohoa tena, mara mbili, mara tatu, kama kitu kinachokataa kuwaka, na kikawaka.

Sikuwahi kumsikia mama mkwe akicheka. Angechekaje, wakati kila mara nilipokuwa karibu alikuwa ameziba mdomo kwa leso? Sikuwa na njia ya kujua kwamba kicheko kile kilitoka kwake, kwamba mke wangu alikipata nyumbani akaja nacho Kitale. Kilipanda juu ya migomba, hakuna aliyekizima.

Nililia. Nililia kwa sauti, mabega yote, makamasi yote, nimeushika ua kwa mikono miwili, na kwa kuwa mila inamtaka mkwe asimame akiwa ametazama kando, hakuna aliyeniona usoni. Binti yangu alirudi akiwa amebeba jogoo kichwa chini, akasimama karibu nami, akanishika shati kwa mkono uliobaki.